Mshipa upi?

Tuseme mzee anaingia kwa daktari, anaketi, anavua kofia na kuiweka gotini. Muuguzi kijana anamwamkia, "Shikamoo baba. Unasumbuliwa na nini?" Mzee anaitikia, kisha anasema, "Mshipa, mwanangu." Muuguzi anaushika mkono wake na kuutazama pale kwenye kunjo la kiwiko, mahali anapochomea sindano kila siku. Mzee anauvuta mkono wake. "Si huo." Basi ni wa shingo? Wa mguu? Mzee anatazama sakafu. "Wa huku chini," ananong'ona, na mazungumzo yanakwama hapo.

Hakuna aliyekosea Kiswahili katika chumba hicho. Muuguzi anaposema "ngoja nitafute mshipa" anamaanisha njia ya damu. Aliyelala vibaya akaamka shingo haigeuki husema mshipa umekaza, naye anazungumzia msuli. Anayesikia ganzi ikishuka kutoka kiunoni hadi unyayoni husema mshipa unamvuta, na huo ni mshipa wa fahamu. Mchezaji aliyeumia nyuma ya kisigino husema mshipa umekatika, kumbe kilichokatika ni kano. Na mzee wetu anataja ugonjwa ambao mara nyingi si mshipa hata kidogo: ngiri, au busha. Vitu vitano vimebebwa na neno moja, na kila kimoja kina tiba yake.

Naliandika hili kwa sababu neno mshipa limejaa siku hizi katika mazungumzo ya afya, hasa kwenye matangazo ya dawa za "kuimarisha mishipa", "kuzibua mishipa" na "kufufua mishipa iliyokufa". Anayeuza hasemi ni mishipa gani, anayenunua haulizi, na fedha inatoka.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kilitoa jina hili kwa kufuata umbo. Chochote chembamba, kirefu, kinachopita chini ya ngozi kama kamba, kikiguswa kinasikika na kikivutwa kinauma, ni mshipa. Ni jina la mtu aliyeutazama mwili kutoka nje, na kwa mtazamo huo ni jina zuri kabisa. Hospitali huita vitu kwa kazi yake: hiki kinapitisha damu, hiki kinapitisha habari, hiki kinafunga msuli kwenye mfupa. Umbo na kazi havikubaliani kila mara, na ndipo tunapopotezana.

Tena si Kiswahili peke yake. Wagiriki wa kale walikuwa na neno neuron, ambalo ni ndugu wa neno la Kilatini nervus lililozaa jina neva, yaani mshipa wa fahamu, tunalotumia leo. Kwao lilimaanisha kwanza kano, kitu cha kufungia na kuvutia. Ni wachunguzi wa mwili waliofanya kazi Alexandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Herophilus na Erasistratus, waliopambanua nyuzi za fahamu na kano za kawaida. Hata njia za damu ziliwachanganya. Kwa kuwa baadhi ya mishipa ya maiti hukutwa mitupu, wengi waliamini kwamba inapitisha hewa, mpaka Galen, tabibu wa Kigiriki, katika karne ya 2 baada ya Kristo, alipoufunga mshipa wa mnyama aliye hai sehemu mbili, akaupasua katikati na kuonyesha kwamba kilichomo ni damu. Watu wenye akili nyingi walihangaika na kamba hizi kwa mamia ya miaka, kwa hiyo mzee wetu asionekane mjinga.

Sasa zitazame kamba hizo kwenye mkono wako mwenyewe. Huhitaji kifaa.

Geuza kiganja kitazame juu. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono, chini kidogo ya shina la kidole gumba. Bonyeza kwa wepesi. Kuna kitu kinadunda. Huo ni mshipa wa damu wa aina ya ateri, unaopokea damu ikitoka kwenye moyo kwa msukumo, na kila mdundo ni pigo moja la moyo. Kwa mtu mzima aliyepumzika, mapigo huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Usihesabu kwa kidole gumba, maana nacho kina mdundo wake na utajihesabu mara mbili.

Kisha geuza mkono utazame mgongo wa kiganja, uuning'inize chini kidogo. Mishipa inatuna, yenye rangi kama ya kijani au samawati. Iguse: ni laini, inabonyea, na haidundi. Hizi ni vena, njia za kurudisha damu kwenye moyo. Chagua moja iliyonyooka. Ibane kwa kidole kimoja upande wa karibu na vidole. Kwa kidole kingine telezesha juu yake kuelekea kifundo cha mkono, ukisukuma damu mbele, kisha inua hicho kidole cha pili. Mshipa unabaki bapa. Damu iliyoko mbele hairudi nyuma, kwa sababu ndani ya vena kuna vilango vinavyofunguka upande mmoja tu. Achilia kidole cha kwanza, na mshipa unajaa papo hapo kutoka chini. Jaribio la namna hii ni mojawapo ya hoja alizozitumia William Harvey, tabibu wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1628 kuonyesha kwamba damu inazunguka mwilini na kurudi kwenye moyo. Kuanzia hapo kilichobaki ni kujua damu inavukaje kutoka ateri kwenda vena, na mwaka 1661 Marcello Malpighi, mtafiti wa Italia, alieleza alichokiona kwa hadubini kwenye mapafu ya chura: mishipa midogo kupita kiasi, ile tunayoiita kapilari.

Rangi ile ya samawati isikudanganye. Hakuna damu ya samawati ndani yako. Damu ya vena ni nyekundu iliyoiva, yenye giza kidogo kuliko ya ateri. Ni mwanga unavyopenya na kurudi kupitia ngozi ndio unaoibadilisha rangi machoni. Na muuguzi anapotafuta mshipa wa kuchomea sindano au kuweka dripu, anatafuta vena, kwa kuwa iko karibu na ngozi na msukumo wake ni mdogo. Akikuambia "mshipa umekimbia", usiogope. Umeteleza pembeni ya sindano tu, na yuko atakayeupata.

Mshipa wa shingo, ule unaotajwa tunaposema fulani alibisha mpaka akatoa mishipa ya shingo, nao ni vena. Ukipiga kelele kwa nguvu, shinikizo la kifua hupanda, damu inayoshuka kutoka kichwani hukwama kwa muda, na mshipa unavimba. Msemo huo umekaa sawasawa na mwili unavyofanya kazi. Mshipa wa aibu, ambao tunaambiwa kwa watu fulani ulishakatika, bado hakuna daktari aliyeuona.

Rudi kwenye mkono. Kunja vidole vyako ili gumba na kidole cha mwisho viguse ncha, kisha kunja kifundo cha mkono kidogo kuelekea kwako. Kwa watu wengi kamba ngumu inasimama katikati ya kifundo. Wengi huiita mshipa. Ibonyeze: haibonyei kama vena, haidundi kama ateri. Hiyo ni kano, kamba imara inayounganisha msuli na mfupa. Haina damu ya kusafirisha. Kazi yake ni kuvuta. Baadhi ya watu hawana kano hii kabisa, tena pengine wanayo mkono mmoja tu, na hawapungukiwi na lolote. Kano nene kuliko zote ni ile ya nyuma ya kisigino. Inapokatika, mtu husikia kama amepigwa teke kwa nyuma, hata hugeuka kutafuta aliyempiga. Aliyeumia namna hiyo akisema "mshipa", atapakwa dawa ya kuchua na kuambiwa apumzike. Akisema "kamba ya kisigino imelia, na sasa siwezi kusimama kwa ncha za vidole vya mguu huu", daktari ameshajua pa kuanzia.

Msuli nao una mkanganyiko wake. Wanafunzi hupiga msuli usiku kucha na hakuna nyama inayoongezeka, na wanaume wa pwani huvaa msuli kiunoni. Lakini msuli wa mwili ni nyama ile inayojikunja na kujinyoosha. Unapoamka usiku na shavu la mguu limekaza kama jiwe, usiseme mshipa umepanda juu ya mwenzake. Mishipa haipandani. Ni msuli uliojikunja ukakataa kuachia, na mara nyingi ukiunyoosha polepole, kwa kuvuta vidole vya mguu kuelekea kwako, unalegea.

Hapa nitulie, maana kuna jambo linaloua. Maumivu ya shavu la mguu yanaweza kuwa msuli, na kuchua kukasaidia. Lakini yanaweza pia kuwa damu iliyoganda ndani ya vena ya ndani ya mguu. Dalili zake ni mguu mmoja, si yote miwili, kuvimba, kupata joto na kuuma, hasa baada ya upasuaji, kujifungua, kulala kitandani siku nyingi au safari ndefu ya kukaa. Mguu huo usichuliwe. Donge la damu likichomoka husafiri mpaka kwenye mapafu, na mtu anaweza kukosa pumzi ghafla akafa. Watu wawili wanaweza kuingia kwa mchuaji wakiwa na neno moja mdomoni, "mshipa unaniuma", mmoja akatoka amepona na mwingine akatoka na hatari aliyoongezewa.

Tuje kwenye mishipa ya fahamu, yaani neva. Hizi huzioni kwenye mgongo wa kiganja, lakini umeshakutana nazo. Umewahi kugonga kiwiko kwenye ukingo wa meza, moto mkali ukakimbia mpaka kidole cha mwisho? Hukugonga mfupa tu. Uligonga neva inayopita hapo chini ya ngozi ikiwa na kinga ndogo sana. Kwamba ulichokisikia kilifika kidoleni wakati umegongwa kiwikoni ndiyo tabia kuu ya neva: inapobanwa mahali pamoja, inalalamika mahali pengine.

Ndiyo maana mtu anachua mguu miezi sita na mguu haupati nafuu. Neva kubwa kuliko zote mwilini, iliyo nene kama kidole, inatokea sehemu ya chini ya mgongo, inapita takoni, nyuma ya paja, na matawi yake yanafika unyayoni. Kisahani kilicho kati ya pingili za uti wa mgongo kikitokeza na kubana mzizi wake, maumivu yanashuka mguu mzima. Ugonjwa uko mgongoni, mafuta yanapakwa mguuni. Wengi hupona kadiri siku zinavyopita, kwa dawa za maumivu na kuendelea kutembeatembea, lakini aliyeanza kupoteza hisia sehemu za kukalia, au kushindwa kuzuia mkojo au choo, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Neva zinasafirisha habari, na kasi zake hazilingani. Zile za haraka hupita mita 100 kwa sekunde; zile zinazobeba maumivu ya polepole huenda kama mita 1 tu. Ukijikwaa kidole cha mguu, kwanza unajua umejikwaa, unapata hata nafasi ya kukunja uso, ndipo maumivu yenyewe yanapowasili. Na ile ganzi ya kukalia mguu, ambayo tunasema damu imeacha kupita, kwa sehemu kubwa ni neva iliyobanwa ikashindwa kupeleka habari. Sindano sindano zile unapoinuka ni neva inarudi kazini.

Kiharusi ndicho kinachoonyesha gharama ya kuchanganya mishipa ya damu na ya fahamu. Mtu anaamka mkono na mguu wa upande mmoja havina nguvu, mdomo umepinda. Nyumbani wanasema mishipa ya mkono imekufa, na wanaanza kuukanda kwa maji ya moto. Mkono hauna tatizo. Kilichotokea ni mshipa wa damu kuziba, au kupasuka, ndani ya ubongo, na sehemu ya ubongo inayouamuru mkono huo imekosa damu. Mara nyingi ni kuziba, na kuna dawa ya kuyeyusha donge inayofanya kazi katika saa chache za mwanzo tu. Kila saa ya kukanda mkono ni saa ambayo ubongo unakufa. Mazoezi ya viungo yana nafasi yake, na nafasi hiyo ni kubwa, lakini huja baadaye.

Kisukari hushambulia mishipa ya aina zote mbili kwa pamoja. Sukari ikikaa juu miaka mingi, neva za miguu huharibika, mtu akakanyaga msumari asiusikie. Wakati huo huo ateri za miguu hupungua upana, kidonda kikakosa damu ya kukiponya. Mwenye kisukari anayeambiwa "una shida ya mishipa" ana haki ya kuuliza: ya damu, ya fahamu, au yote? Anayepoteza hisia akague nyayo zake kila siku kwa macho, kwa sababu miguu yake haiwezi tena kumpa taarifa.

Na ile mishipa ya matangazo, ya nguvu za kiume? Hapo ipo kweli, ya aina zote mbili. Neva zinapeleka amri, ateri zinafunguka, damu inajaa, na vena zinabanwa ili damu isitoke. Ateri hizo ni nyembamba kuliko zile zinazolisha moyo, hivyo kuta za mishipa zinapoanza kuharibika kwa sigara, kisukari au shinikizo la damu, upungufu wa nguvu unaweza kujitokeza miaka kadhaa kabla ya moyo kulalamika. Mwanaume mwenye tatizo hilo anahitaji kupimwa sukari na presha kabla ya kununua unga wowote. Kuhusu madai kwamba punyeto huua mishipa: haiui neva wala haizibi ateri. Vijana wengi wanaishi na hofu hiyo bure, na hofu yenyewe inatosha kumfanya mtu ashindwe siku anayotaka kuweza.

Ngiri pia imebebeshwa lawama za nguvu za kiume, na sasa tumerudi kwa mzee wetu na kofia yake.

Alisema "mshipa" kwa sababu ya heshima. Mbele ya binti wa umri wa wajukuu zake hakuweza kutaja sehemu yenyewe, na Kiswahili kilimpa neno la kujisitiri. Sikubaliani na wanaotaka tasfida hizi zifutwe. Zinamwezesha mtu kufika hospitali badala ya kufia nyumbani kwa aibu. Ila chini ya neno hilo la stara yamejificha magonjwa matatu, na anayemhudumia anatakiwa kuyapambanua bila kumvunjia staha.

La kwanza ni ngiri: utumbo umepenya mahali dhaifu kwenye ukuta wa tumbo na kushuka kinenani, hata kwenye mfuko wa korodani. Uvimbe hutoka mtu akikohoa au kunyanyua mzigo, na aghalabu hurudi akilala. Siku ukikataa kurudi, ukauma sana na kutapika kukaanza, utumbo umebanwa na upasuaji hausubiri kesho.

La pili ni busha, ambalo wengine huliita ngiri maji: maji yamejaa kwenye kifuko kinachozunguka korodani. Watoto wachanga wengi huzaliwa nalo likaisha lenyewe. Kwa watu wazima, katika mwambao wa Afrika Mashariki na kwingineko, sababu mojawapo kubwa ni minyoo midogo inayoenezwa na mbu, ile ile inayoleta matende. Na hapa kuna mshipa wa kweli ambao hatukuutaja: minyoo hiyo hukaa ndani ya mishipa ya limfu, njia zinazorudisha majimaji ya mwili kwenye damu. Busha huondolewa kwa upasuaji. Halitokani na kulaaniwa wala kunywa maji ya madafu.

La tatu ni vena za korodani zilizotanuka, mara nyingi upande wa kushoto, zikipapaswa kama rundo la kamba laini. Hili ndilo pekee kati ya matatu ambapo mzee akisema mshipa, amesema kweli neno kwa neno.

Daktari anamwomba muuguzi awapishe kidogo, anafunga pazia. "Baba, uvimbe huo ukilala unarudi ndani?" "Haurudi." "Ulikuja ghafla?" "Polepole, mwaka wa tatu huu." Anamwomba alale, anazima taa ya chumba, anaweka tochi ndogo nyuma ya uvimbe. Utumbo kwa kawaida huzuia mwanga, maji huupitisha. Uvimbe unang'aa wekundu kama kiganja kilichofunika taa, na mzee, aliyeinua shingo kutazama, anaona mwenyewe kwamba mle ndani hamna mshipa.